Seva yangu ya LDAP haina faili la logi: nalipata wapi?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni fundi wa kompyuta katika chuo kimoja hapa Mbeya. Mwaka jana nilisimika OpenLDAP kwenye Ubuntu 22.04 ili wanafunzi na walimu watumie akaunti moja kwenye kompyuta za maabara, Moodle na Wi-Fi. Kila Jumatatu asubuhi baadhi yao wanakataliwa kuingia, halafu ikifika saa nne hali inatulia yenyewe. Nataka kuona logi lakini sizipati. Nimepekua /var/log yote, hakuna folda ya ldap wala ya slapd. Maelekezo mengine yanasema niangalie /var/log/dirsrv, nayo haipo. Je, nilikosea kusimika? Na nikizipata, nizipange vipi zisijaze diski?

Jibu: Marahaba. Hukukosea. Faili hulioni kwa sababu halijawahi kuandikwa, na hata ungepekua diski nzima usingelipata. Wanaotoka kwenye Apache au MySQL hukwama hapa hapa: wamezoea kila programu iwe na folda yake chini ya /var/log, kazi yao ni kuifungua tu. Programu yenyewe ya OpenLDAP, slapd, ina tabia nyingine. Ilivyo kwako haiandiki faili lolote. Inasema tu, na maneno yake yanapitia syslog, njia ya Linux ya kupokea ujumbe wa programu, kwenye mkondo uitwao local4. Anayesikiliza huko ndiye anayeamua ayaandike wapi. Kwa hiyo una maswali mawili: slapd imeambiwa iseme nini, na msikilizaji anaandika wapi. Ukirukia la pili kabla ya la kwanza utaishia na faili tupu, na faili tupu linaumiza kichwa kuliko lisilokuwepo.

Anza kwa kuiuliza seva yenyewe kiwango chake cha logi, kinachokaa kwenye usanidi wake uitwao cn=config:

```
sudo ldapsearch -Q -LLL -Y EXTERNAL -H ldapi:/// -b cn=config -s base olcLogLevel
```

Kama hujawahi kuigusa, itakujibu `olcLogLevel: none`. Ndivyo inavyokuja kwenye Debian na Ubuntu. Neno hilo limewapotosha wengi, kwa sababu hapa none si kimya. Linaiambia slapd itoe zile taarifa tu ambazo hutolewa kiwango kiwe chochote: kuwaka, kuzimika, na makosa mazito. Kimya cha kweli ni 0, na sijawahi kukutana na sababu ya maana ya kukitaka. Ndiyo maana ukiandika `sudo journalctl -u slapd` utaona mistari michache ya siku seva ilipowashwa, lakini hutaona jina la hata mtu mmoja aliyejaribu kuingia.

Kiwango unachokihitaji kinaitwa stats, namba yake 256. Hiki ndicho kinachoandika nani kaunganisha, kajitambulisha kwa jina gani, katafuta nini na kajibiwa nini. Kiwashe hivi:

```
sudo ldapmodify -Q -Y EXTERNAL -H ldapi:/// <<MWISHO
dn: cn=config
changetype: modify
replace: olcLogLevel
olcLogLevel: stats
MWISHO
```

Kinaanza kazi papo hapo, huna haja ya kuzima na kuwasha seva. Utashawishika kufungua /etc/ldap/slapd.d/cn=config.ldif na kubadilisha neno moja kwa mkono. Usifanye. Juu kabisa ya faili hilo kuna onyo lisiguswe, na chini ya onyo kuna namba ya CRC32 inayolingana na yaliyomo. Ukiligusa, namba hazitalingana tena na slapd itaanza kulalamika kuhusu checksum kila inapolisoma.

Viwango vingine vipo na vinajumlishika. 128 kinaonyesha jinsi ruhusa zinavyopimwa, 32 kinaonyesha vichujio vya utafutaji, 64 usomaji wa usanidi. Ukitaka stats pamoja na ruhusa unaweka 384, au unaandika `stats acl` ambayo inasomeka vizuri zaidi. Viwango hivyo washa kwa dakika kumi unapowinda tatizo moja, kisha rudisha stats peke yake. Stats yenyewe iache iwake mwaka mzima.

Nasisitiza dakika kumi kwa sababu yalinikuta. Ijumaa moja jioni, katika ofisi moja niliyokuwa nikiifanyia kazi, niliweka kiwango cha -1, yaani kila kitu, nikitafuta kosa la ruhusa. Nikalipata, nikafurahi, nikaenda nyumbani. Jumatatu /var ilikuwa imejaa pomoni, na data ya saraka, yaani orodha ya akaunti inayotunzwa na LDAP, ilikuwa kwenye diski hiyo hiyo. Ajabu ni kwamba watu waliendelea kuingia kama kawaida, maana kusoma hakuhitaji nafasi; waliokuwa wakibadilisha nywila ndio walioanza kugonga mwamba. Nilipoteza saa mbili nikichunguza sera za nywila kabla sijaandika `df -h`, amri inayoonyesha nafasi iliyobaki kwenye diski.

Sasa tumgeukie msikilizaji. Kwenye Ubuntu 22.04 wapo wawili, journald na rsyslog, kwa hiyo mistari ya slapd itaingia mara mbili: kwenye hifadhi ya journald, unayoisoma kwa journalctl, na kwenye /var/log/syslog kupitia rsyslog. Kwa hiyo dakika hii hii unaweza kuandika `sudo grep slapd /var/log/syslog` na kuona kitu. (Siku ukihamia Debian 12 utakuta /var/log/syslog haipo kabisa, kwa sababu rsyslog haiji tena na usimikaji wa kawaida. Huko ni journalctl, au usimike rsyslog mwenyewe.) Lakini stats inaongea sana, na ikichanganyika na mambo mengine ya mfumo utachoka. Mpe slapd faili lake. Tengeneza /etc/rsyslog.d/10-slapd.conf yenye mistari miwili:

```
local4.*    /var/log/slapd.log
& stop
```

Kisha `sudo systemctl restart rsyslog`. Mstari wa pili unazuia maneno yale yale yasiandikwe tena kwenye syslog. Namba 10 mwanzoni mwa jina ina kazi yake pia: rsyslog inasoma mafaili hayo kwa mpangilio wa majina, na sheria yako lazima itangulie 50-default.conf, la sivyo huo mstari wa pili utakuwa umechelewa. Faili litazaliwa pale slapd itakaposema neno la kwanza. Kama hakuna anayeingia saa hizo, piga ldapsearch moja mwenyewe.

Kuna mtego hapa unaokuhusu wewe moja kwa moja, kwa kuwa shida yako ni ya Jumatatu asubuhi. journald ina kikomo: huduma moja ikitoa mistari mingi mno ndani ya sekunde 30 (msingi ni 10,000, na huongezeka diski ikiwa na nafasi), inayozidi inatupwa, haifiki kwenye journal. Darasa zima likiwasha kompyuta kwa pamoja, kila kompyuta ikiuliza watumiaji na vikundi, kikomo hicho kinaweza kufikiwa. Yaani logi za journal zinaweza kukupotea dakika ile ile unayozihitaji. Dalili yake ni mstari wenye neno Suppressed kwenye `journalctl`. Iondolee slapd kikomo kwa `sudo systemctl edit slapd`, kisha andika:

```
[Service]
LogRateLimitIntervalSec=0
```

Kuhusu kujaza diski, kazi hiyo ni ya logrotate, programu inayozungusha mafaili ya logi. Hii ndiyo /etc/logrotate.d/slapd ninayoitumia:

```
/var/log/slapd.log {
    daily
    maxsize 200M
    rotate 30
    compress
    delaycompress
    missingok
    notifempty
    postrotate
        /usr/lib/rsyslog/rsyslog-rotate
    endscript
}
```

Faili linazungushwa kila siku, unabaki na mafaili 30 ya nyuma, na ya zamani yanabanwa. Maneno haya ya logi yanabanika sana kwa sababu yanajirudia. Angalizo moja: maxsize hailindi diski usiku na mchana, inaangaliwa tu logrotate inapoendeshwa, na kwa kawaida hiyo ni mara moja kwa siku. Usisahau sehemu ya postrotate. Bila hiyo rsyslog itaendelea kuandika kwenye faili la zamani lililobadilishwa jina, nawe utabaki ukishangaa kwa nini jipya ni tupu. Jaribu kwa `sudo logrotate -d /etc/logrotate.conf`, inayokuonyesha itakachofanya bila kukifanya.

Kabla hujasoma chochote, hakikisha saa. Mwalimu akikupigia simu akasema alikataliwa saa mbili na robo, wewe unatafuta 08:15, hilo unalijua. Lakini seva nyingi za kukodi huja zikiwa kwenye UTC, na huko tukio lile lile limeandikwa 05:15. Nimeona watu wakiapa kwamba logi hazionyeshi kitu, kumbe wanasoma saa tatu mbele ya tukio. `timedatectl` itakuambia, na `sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam` itarekebisha. Baada ya hapo washa upya rsyslog na slapd.

Sasa tuone logi yenyewe. Mtu mmoja akijaribu kuingia inaonekana hivi (nimeondoa tarehe na jina la seva mwanzoni mwa kila mstari):

```
conn=1042 fd=14 ACCEPT from IP=10.20.0.37:51822 (IP=0.0.0.0:389)
conn=1042 op=0 BIND dn="uid=neema,ou=watu,dc=chuo,dc=example" method=128
conn=1042 op=0 RESULT tag=97 err=49 qtime=0.000011 etime=0.000213 text=
conn=1042 op=1 UNBIND
conn=1042 fd=14 closed
```

conn ni namba ya muunganisho, op ni ombi ndani ya muunganisho huo, BIND ni ombi la kujitambulisha, na dn ni anwani kamili ya mtu kwenye saraka. Mistari ya watu wengi huja imechanganyikana, kwa hiyo hatua ya kwanza daima ni kuwatenganisha: `grep 'conn=1042 ' /var/log/slapd.log`, na nafasi baada ya namba usiiache, la sivyo utavuta na 10421. Hesabu hiyo huanza upya kutoka 1000 kila slapd inapowashwa, kwa hiyo conn=1042 ya leo na ya juzi zaweza kuwa watu wawili tofauti.

Hapo juu err=49 inasema utambulisho umekataliwa. Je, Neema kakosea nywila, au hakuna Neema kwenye saraka? slapd haisemi, na inafanya hivyo kwa makusudi, ili mtu wa nje asiweze kuotea majina ya watumiaji. Wewe una njia ya kujua: itafute hiyo dn neno kwa neno kwa ldapsearch. Mara nyingi nimekuta dn yenyewe ndiyo mbovu, mathalani programu imewekewa ou=people wakati saraka ina ou=watu.

Usione err=0 ukadhani mambo ni shwari. Moodle huanza kwa kumtafuta mtu, kisha ndipo inajaribu nywila yake. Utafutaji ukirudi na `err=0` pamoja na `nentries=0` (waliopatikana sifuri), seva haikupata kosa lolote, haikumwona mtu tu. Ama kichujio si sahihi, ama ruhusa zinamficha kwa aliyeuliza. Mtumiaji ataambiwa nywila si sahihi, wakati hakuna nywila iliyojaribiwa. Tazama etime pia, muda uliotumika kwa sekunde. Ikiwa ya utafutaji inazidi sekunde nzima, tafuta karibu yake mstari unaosema `(mail) not indexed` au jina lingine: kuna kitu kinatafutwa kila siku na hakina faharasa.

Na kama aliyelalamika hana mstari hata mmoja wa saa hiyo? Nalo ni jibu. Ombi lake halikufika, basi chunguza mtandao. Akiwa na ACCEPT kisha `closed (TLS negotiation failure)`, ni suala la cheti.

Kwa shida yako, nikiambiwa niotee nitaanza na ile fd. Ni namba ya mlango ambao slapd imeufungua kwa muunganisho huo, na mfumo hutoa namba ndogo kuliko zote iliyo wazi. Kwa hiyo fd kubwa ina maana milango mingi iko wazi kwa wakati mmoja. Jumatatu ijayo, saa mbili na nusu, andika:

```
sudo grep ACCEPT /var/log/slapd.log | tail -n 20
```

Ukiona fd=30 au fd=80, sahau niliyosema, rudi kwenye err. Ukiona zinakaribia 1,000, umepata. Kikomo cha kawaida cha mafaili wazi kwa huduma ni 1024, na kikifika slapd haiwezi kupokea mgeni mpya. Utaona `accept` imeshindwa na maneno Too many open files, ambayo ni miongoni mwa yale yanayotolewa hata kwenye none. Kompyuta za maabara hufungua muunganisho na kuukalia hata kama hazina la kuuliza, na slapd kwa kawaida haimfukuzi mtu. Watu wakizima kompyuta na kwenda madarasani, milango inaachiwa, na hapo ndipo "inatulia yenyewe" ya saa nne. Tiba ni mbili kwa pamoja: weka `olcIdleTimeout: 300` kwenye cn=config ili anayekaa kimya dakika tano atolewe, na kwenye lile faili la `systemctl edit` ongeza `LimitNOFILE=8192` kisha uwashe upya slapd.

Kuhusu /var/log/dirsrv: hiyo ni seva nyingine, 389 Directory Server, na jina lake limetokana na poti ya LDAP. Red Hat waliinunua kama Netscape Directory Server mwaka 2004, na jina la 389 likaja 2009. Zote mbili zina ukoo wa slapd ile ya Chuo Kikuu cha Michigan, ndiyo maana huko pia 128 ni ruhusa na 64 ni usanidi. Tabia ndizo zimeachana. Ile inaandika mafaili yake yenyewe, /var/log/dirsrv/slapd-JINA/, ndani yake access na errors, na audit ambayo imezimwa hadi uiwashe. Inajizungushia mafaili bila logrotate. Ukiwahi kuitumia, kumbuka kwamba access hupitia bafa (hifadhi ya muda) kwanza, kwa hiyo ukitazama kwa `tail -f` mistari huja kwa mafungu na kwa kuchelewa. Wenye FreeIPA, mfumo wa kusimamia akaunti, wanaitumia hiyo, hata kama hawajui.

Siku utakapopanda Ubuntu 24.04 utapata OpenLDAP 2.6, na hapo slapd inaweza kuandika faili lake moja kwa moja: `olcLogFile`, pamoja na `olcLogFileOnly: TRUE`, na `olcLogFileRotate: 10 100 24` ikimaanisha mafaili kumi, megabaiti 100, saa 24. Ni nyepesi kuliko syslog kwenye seva yenye kazi nyingi. Lakini kwenye Ubuntu AppArmor, mlinzi anayeamua kila programu iguse mafaili gani, itaikatalia kuandika /var/log mpaka uiongezee ruhusa katika /etc/apparmor.d/local/usr.sbin.slapd, na folda lazima iwe ya mtumiaji openldap. Kwa chuo chenye ukubwa wa kwenu mimi ningebaki na rsyslog.

Kama siku moja slapd itagoma kuwaka kabisa na logi haina cha maana, iendeshe mbele ya macho yako:

```
sudo -u openldap slapd -d stats -h "ldapi:///" -F /etc/ldap/slapd.d
```

Hiyo `-u openldap` usiiache. Ukiiendesha kama root inaweza kuacha mafaili ya root ndani ya data, na kesho yake huduma ya kawaida ishindwe kuyafungua. Wala usitumie `-d -1` huku watu wanaingia, kisha ukamtumia mtu matokeo yake: humo mna nywila zilizotumwa, zinasomeka kama zilivyo.

Hata stats ya kawaida ina majina ya watu, anwani za kompyuta zao na saa walizoingia. Kwa Tanzania hizo ni taarifa binafsi chini ya sheria ya mwaka 2022, kwa hiyo acha faili liwe 0640 kama rsyslog inavyolitengeneza, na siku 30 zinatosha. Ukipata logi za Jumatatu na fd zako zikawa ndogo, nitumie mistari ya conn mbili tatu za waliokataliwa, tangu ACCEPT hadi closed, baada ya kubadilisha majina.